Denari ya Melgueil

Denari ya Melgueil ilikuwa sarafu ndogo iliyotolewa na makonti wa Melgueil, kusini mwa Ufaransa ya leo, wakati wa Zama za Kati. Mji huo, unaoitwa sasa Mauguio, uko karibu na Montpellier. Ingawa kaunti ilikuwa ndogo, katika karne ya 12 pesa yake ilitumika sana katika eneo la Languedoc. Denari 12 zilihesabiwa kuwa soli 1, na soli 20 kuwa pauni 1.

Sarafu hiyo ilikuwa ya biloni, yaani aloi ya fedha na shaba ambamo fedha haizidi nusu. Uzito wake ulikuwa takriban gramu 1. Fundi alikata kipande chembamba cha madini, akakiweka juu ya muhuri wa chuma uliosimikwa imara, akashika muhuri wa pili juu yake na kuupiga kwa nyundo. Ndiyo maana sarafu nyingi zina picha iliyokaa upande au maandishi yaliyokatika.

Upande mmoja una msalaba, upande wa pili vijiduara vinne. Maandishi yake yanashangaza: hayataji Melgueil, bali Ramundus na Narbona, tena kwa herufi zilizoharibika hata Narbona ikasomeka NAIDONA. Sababu ni kwamba sarafu iliiga ile ya mji wa Narbonne. Kosa halikusahihishwa, kwa kuwa watu walikwisha kuizoea sura hiyo, na sarafu yenye sura mpya hutiliwa shaka.

Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Mtawala aliyepunguza fedha na kuongeza shaba alipata faida mara moja, lakini aliyekuwa akidai kodi ya shamba au deni la zamani alilipwa idadi ileile ya sarafu zenye thamani ndogo. Kwa hiyo mabwana wa Montpellier, ambao biashara ya mji wao ilitegemea pesa hiyo, walimtaka konti aape kutobadilisha ubora wake bila wao kukubali.

Mwaka 1172 kaunti iliingia mikononi mwa ukoo wa Toulouse kwa njia ya ndoa. Mwaka 1215 Papa Inosenti III alimkabidhi askofu wa Maguelone, naye akaendelea kutoa sarafu. Baadaye askofu mmoja alitengeneza pia milaresi, sarafu za fedha zilizoiga dirhamu za Wamuwahidun wa Afrika Kaskazini pamoja na maandishi yake ya Kiislamu, kwa ajili ya biashara ya Bahari ya Kati. Mwaka 1266 Papa Klementi IV, mwenyeji wa eneo hilohilo, alimwandikia barua kali kwa kutoa pesa yenye jina la Mtume Muhammad. Wakati huo denari ya Melgueil yenyewe ilikuwa inasukumwa kando na sarafu ya mfalme wa Ufaransa, denari ya Tours.