Je, Wajua kwa Nini Cheni za Tela Hupishanishwa?

Je, wajua kwamba cheni ya usalama ya tela, ikiwa imefungwa vizuri, haivuti chochote? Huning'inia chini ya mkono wa tela safari nzima, na inaweza kumaliza miaka bila kazi. Kazi yake ni ya sekunde chache tu. Pini ikichomoka au kiungio kikifyatuka, cheni ndiyo inayolizuia tela lisikimbie peke yake kuelekea kwa abiria waliosimama kituoni.

Barabara ya Morogoro inapopita Picha ya Ndege, Kibaha, hupitisha karibu kila aina ya tela. Yanayoonekana zaidi ni yale marefu ya makontena ya kwenda Zambia na Kongo, lakini hayo hufungwa kwa njia nyingine: pini nene iliyo chini ya tela huingia kwenye sahani nzito mgongoni mwa kichwa cha lori, ikabanwa na taya za chuma. Cheni ni ya matela yenye mkono, kama la jenereta nyuma ya pikapu, au la maji, mchanga na matofali nyuma ya trekta. Kibaha inavijua vyombo hivi tangu zamani. Kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania, na miaka mingi baadaye, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), matrekta ya URSUS kutoka Poland yakaunganishwa eneo hilohilo. Trekta likishamaliza kulima hugeuka kuwa gari la mizigo, na hapo ndipo habari ya cheni inapoanza.

Kiungio huachia kwa sababu ndogo. Kwenye trekta, pini hurukaruka juu ya matuta, na kama kile kipini kidogo cha kuizuia hakipo, au mahali pake pamewekwa msumari, mwishowe pini hutoka. Kwenye pikapu, hatari kubwa ni vipimo. Gololi ya chuma inayoshika tela hutengenezwa kwa ukubwa tofauti, ukiwemo wa milimita 50 na ule wa inchi 1 na 7/8, ambao ni karibu milimita 48. Kikombe cha gololi kubwa kikifunikwa juu ya gololi ndogo, hujifunga kama kawaida na jicho halioni kasoro. Shimo la kwanza ndilo litakaloonyesha tofauti.

Tela likiachia, hesabu huwa kali. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja ya maji, kabla hujaongeza uzito wa tela lenyewe. Likikimbia kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa penye makazi, lina nishati sawa na likianguka kutoka juu karibu mita 10, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Mwendo ukipanda hadi kilomita 80 kwa saa, kimo hicho hufika mita 25. Mwendo umeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, nishati imezidi mara mbili na nusu.

Ndiyo maana cheni ya kufungia mbwa au geti haifai. Chuma hutofautiana, na cheni zinazouzwa kwa kazi za kuvuta na kuinua hupangwa kwa madaraja. Cheni ya daraja la 30 yenye unene wa milimita 10 hukatika ikibeba karibu tani 5. Ya unene huohuo, ila ya daraja la 80, huhimili karibu tani 13. Kwa macho zinafanana, hivyo tafuta namba iliyogongwa kwenye pete zake. Kipimo kinachokubalika na wengi ni hiki: kila cheni peke yake iweze kuhimili uzito wote wa tela pamoja na mzigo. Idadi hutegemea sheria za nchi. Australia, kwa mfano, hudai cheni moja kwa tela lisilozidi tani 2.5 na mbili kwa lililozidi hapo. Tela la barabarani likiwa na mbili, moja ikikatika nyingine hubaki.

Sasa, kwa nini zipishanishwe? Cheni ya kushoto mwa tela hufungwa kulia mwa gari, na ya kulia hufungwa kushoto, zikapita chini ya mkono wa tela. Kiungio kikiachia, mkono huo huangukia juu ya makutano ya cheni badala ya kuchoma lami. Mkono ukichimba ardhini kwa kasi, tela hupinduka au hupaa. Faida ya pili huonekana kwenye kona: cheni zilizopishana hazikazwi sana upande mmoja huku upande wa pili zikilegea, kwa hiyo hazihitaji urefu wa ziada.

Urefu nao una mipaka. Cheni fupi mno hukaza kwenye kona kali na inaweza kujing'oa. Ndefu mno huliachia tela nafasi ya kurudi nyuma kabla ya kuvutwa kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho hukata chuma. Ikiburuzwa chini, lami huila pete kidogokidogo na kutoa cheche, jambo la hatari kiangazi, pale barabara za Kisarawe zinapopita kwenye nyasi kavu karibu na msitu wa Kazimzumbwi. Usiifupishe kwa kuisokota wala kwa kuifunga fundo. Cheni iliyosokotwa hupindwa pete zake na kupoteza nguvu. Kata iliyo ndefu, au ishike kwenye pete ya mbele zaidi. Usiichomelee pia, kwa sababu moto huharibu ugumu wa chuma kilichoimarishwa kiwandani.

Ndoano ipitishwe kwenye tundu kutoka chini kwenda juu, ili mtikisiko usiidondoshe, na iwe na kilimi cha kuifunga. Ikiwa tela lina waya wa kuvuta breki za dharura, waya huo uwe na mahali pake, mbali na ndoano ya cheni.

Na iwapo tela litaachia ukiwa njiani, usikanyage breki kwa nguvu. Gari likisimama ghafla, tela lililoshikwa na cheni tu litakuja kukugonga. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, punguza mwendo taratibu, kisha toka barabarani. Kwenye miteremko ya milima ya Pugu utulivu huo ndio utakaokuokoa.

Lililo muhimu kuliko yote ni mahali cheni ilipofungwa. Wapo wanaoitundika kwenye pini ileile ya kuvutia, au kwenye chuma cha gololi kinachochomolewa. Hapo hakuna kinga, maana pini ikitoka, cheni nayo inatoka. Ifungwe kwenye fremu ya gari au mwili wa trekta, kwenye tundu lake yenyewe. Kabla ya kuwasha injini, mwenye tela na dereva wake wajiulize: pini hii ikichomoka sasa hivi, cheni itabaki imeshika nini? Kama jibu si fremu, safari isianze.