Kimo ni Akiba: Ndege za Mafunzo na Usalama wa Watu Walio Chini

Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilianguka barabarani katika eneo la Kwachocha, mjini Malindi, Kenya. Mwalimu na wanafunzi wawili waliokuwamo walinusurika. Watu watatu waliokuwa chini, kila mmoja na shughuli zake, walifariki dunia.

Anayepanda ndege huwa amekubali kiasi fulani cha hatari. Aliye chini hakuulizwa. Kwa hiyo yafaa tujiulize: je, sayansi inaweza kumlinda mtu huyo?

Mifano ya Nchi za Nje

Misiba ya namna hii imetokea hata katika mataifa yenye ujuzi mkubwa wa urubani, na mara nyingine imezikumba shule. Tarehe 7 Oktoba 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege ya jeshi la wanamaji la Uholanzi iliangukia jengo la mazoezi ya viungo la shule moja mjini Apeldoorn. Wavulana 22 walikufa pamoja na rubani. Tarehe 6 Desemba 1990 ndege ya jeti ya jeshi la anga la Italia ilipata hitilafu ya injini ikiwa mafunzoni. Rubani aliielekeza kwenye uwanja wa ndege wa Bologna, lakini ilipomshinda alijifyatua na kushuka kwa mwavuli. Ndege isiyo na mtu iliendelea na safari yake, ikapiga darasa katika mji wa Casalecchio di Reno na kuua wanafunzi 12. Tarehe 21 Julai 2025 jeti ya mafunzo ya jeshi la Bangladesh iliangukia shule mjini Dhaka. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wanafunzi.

Injini Inapozimika

Watu wengi hudhani kwamba injini ikizimika ndege huanguka papo hapo kama jiwe. Sivyo. Bawa hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake, na hewa hiyo hupita maadamu ndege ina mwendo. Injini ikikoma, rubani huinamisha pua kidogo, na ndege huendelea kuteleza hewani ikibadili kimo chake kuwa mwendo.

Cessna 172 huweza kwenda mbele takriban mita 9 kwa kila mita moja inayoshuka. Ikiwa mita 300 juu ya ardhi, itafika umbali wa kilomita 2.7 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, rubani anazo sekunde zipatazo 80 za kutafuta shamba au uwanja mtupu. Ikiwa mita 100 tu, umbali ni mita 900 na muda ni sekunde 27. Kimo, basi, ni akiba. Mwenye akiba kubwa huchagua pa kutua. Asiye nayo huchaguliwa.

Kishawishi kikubwa cha rubani aliye chini ni kugeuka ili arudi kiwanjani. Hapo ndipo wengi hupotea. Ndege ikilazwa upande kwa nyuzi 60, mabawa hulazimika kubeba mzigo mara mbili ya uzito wake, na mwendo wa chini kabisa unaoiwezesha kubaki hewani huongezeka kwa asilimia 41. Asiyekuwa na mwendo huo, hewa huacha kulishika bawa, naye huanguka kweli.

Kwa ndege za kijeshi kuna jambo la ziada. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa mwendo. Ndege mbili zikiwa na uzito sawa, moja ikaenda mara tatu ya nyingine, itagonga kwa nishati mara tisa. Ongeza mafuta yanayowaka, utafahamu kwa nini darasa halistahimili pigo la jeti.

Nyanda za Juu za Mbulu

Huenda msomaji wa Mbulu au Hanang akasema kwamba Malindi ni mbali. Lakini Haydom pana kiwanja ambacho ndege ndogo zimekitumia kwa huduma za tiba, na kanuni zile zile hutawala huko, tena kwa ukali zaidi.

Kwanza, Haydom ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha ndege kikionyesha mita 2,000 juu ya bahari, rubani aliye juu ya Malindi anayo akiba ya karibu mita 2,000. Aliye juu ya Haydom anazo mita 300 tu. Na aliye karibu na Katesh akumbuke kwamba Mlima Hanang unazidi mita 3,400.

Pili, hewa ya huko ni nyepesi. Katika kimo cha mita 1,700 densiti yake ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, na joto la mchana huipunguza zaidi. Ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 9 ili ibebwe sawasawa, na injini ya kawaida hupata oksijeni kidogo. Matokeo yake ni kwamba ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka, kisha hupanda polepole; yaani huchelewa kujiwekea akiba.

Yatupasayo

Mazoezi yafanywe juu ya maeneo yasiyo na watu, na kwa kimo cha kutosha. Ardhi iliyo mbele ya ncha za kiwanja iachwe wazi, isijengwe nyumba wala shule, kwa kuwa hapo ndipo ndege inayoruka huwa haina akiba. Uamuzi huu wa mwisho haumhusu rubani. Unawahusu wenye kugawa viwanja na kamati za shule, nao hufanywa miaka mingi kabla injini haijazimika.

Zoezi kwa Darasa

Ndege iliyo juu ya Haydom inaonyesha mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Injini inazimika. Kwa kutumia uwiano wa 9 kwa 1, tafuteni umbali inaoweza kufika hewa ikiwa tulivu. Kisha chukueni ramani ya wilaya, mchore duara lenye nusu kipenyo hicho, na mtaje mahali patano pa wazi panapofaa kutua, na shule zote zilizomo ndani yake.