Kadi mpya ya picha katika kompyuta kuukuu

Mtu anayetaka kuongeza kadi ya picha kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini aghalabu huanza kwa kuuliza bei. Swali la kwanza lingepaswa kuwa la umeme.

Kompyuta nyingi za aina hiyo zilitoka kiwandani na pawa saplai ya takriban wati 240 hadi 300, na mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Sloti ya PCI Express yenyewe hutoa wati 75, basi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hudai waya wake: ule wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Ndiyo maana GeForce GT 1030 ya mwaka 2017, inayotumia wati 30 tu, hufaa kuliko kadi kubwa iliyopatikana kwa bei ya kutupa.

Kubadilisha pawa saplai nako kuna mitego. Baadhi ya kompyuta za Dell na HP zina plagi za ndani zisizolingana na zile za madukani. Jumla ya wati iliyoandikwa kwenye boksi isimvutie mnunuzi. Atazame ampia za volti 12. Ampia 18 ni sawa na wati 216.

Kwa wanaotuma kompyuta nyumbani kutoka Marekani kuna hatari nyingine. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, ya volti 115 au 230. Ikichomekwa Nairobi au Dar es Salaam ingali kwenye 115, huweza kuungua papo hapo, pengine pamoja na kadi yenyewe.