Nyekundu, Kahawia au Bluu?

Anayenunua kibodi ya kimakanika kwa mara ya kwanza hukutana na swali hilo kabla hata hajauliza bei. Asiyejua hudhani anaulizwa rangi ya taa. Kumbe rangi inayotajwa ni ya kipande cha plastiki kilichojificha chini ya kitufe, na ndicho kitakachoamua kama vidole vitachoka ifikapo jioni, na kama jirani wa meza ya pili ataendelea kujibu salamu.

Kibodi nyingi za bei nafuu hazina kipande hicho. Chini ya vitufe vyake kumetandikwa mpira mmoja wenye vikombe vidogo, na kila kitufe kikibonyezwa kikombe chake hubonyea na kukutanisha njia za umeme zilizochorwa kwenye tabaka mbili za plastiki. Kibodi ya kimakanika hukipa kila kitufe swichi yake. Muundo ulioenea zaidi ni MX, uliotolewa mapema miaka ya 1980 na Cherry, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1953 na baadaye ikahamia Ujerumani.

Swichi ya MX ikifunguliwa, ndani mna springi, shina lenye kichwa cha umbo la msalaba, na vipande viwili vyembamba vya chuma vyenye ncha za dhahabu. Kitufe kikiwa juu, miguu ya shina husukuma kipande kimoja kisiguse kingine. Shina likishuka, kipande huachiwa, vyuma hugusana na herufi huandikwa. Rangi zile tatu zinatofautiana hasa kwenye miguu hiyo. Ya nyekundu ni minyoofu, hivyo kitufe hushuka moja kwa moja bila kukwama. Ya kahawia ina kinundu kidogo ambacho kidole hukihisi njiani. Ya bluu imegawanywa mara mbili: pete nyeupe imevalishwa kwenye shina, na ikipita kinundu huchomoka ghafla na kugonga chini. Hapo ndipo unapotoka ule mlio wa "ka!" unaopendwa na mwandishi na kuchukiwa na ofisi nzima.

Kuna namba mbili zinazofaa kuangaliwa kabla ya rangi. Swichi nyekundu ya Cherry hushuka milimita 4 mpaka mwisho, lakini herufi huwa imeshaandikwa kwenye milimita 2. Nusu ya chini ya safari hiyo ni kazi ya bure. Aliyezoea kibodi ya mpira hajui hivyo. Hugandamiza kila kitufe hadi sakafuni, plastiki inagonga plastiki, kisha anashangaa mbona swichi aliyoambiwa ni ya kimya inapiga kelele. Bluu nayo ina kasoro yake. Ili iandike tena, lazima kitufe kipande juu kupita pale kilipoandikia, jambo linalomkera mcheza gemu anayetaka kubonyeza mara mbili upesi.

Kisha kuna uzito. Nyekundu hupimwa sentinewtoni 45, na swichi nyingine ya Cherry, nyeusi, 60. Marekani, wapenzi wa kibodi wamekuwa wakizipima kwa kupanga sarafu za senti tano juu ya kitufe, kwa kuwa kila moja ina gramu 5, uzito unaokaribia sentinewtoni 5: kwa nyekundu zinahitajika kama tisa, kwa nyeusi kama kumi na mbili. Tofauti ya sarafu tatu inaonekana ndogo mpaka mtu aandike ripoti ya kurasa ishirini.

Anayeandika Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuujali uzito huo. Katika sentensi "wanafunzi wanaandika makala ya sayansi" mna herufi 34, na 12 kati yake ni A. Kwenye mpangilio wa kawaida wa kibodi, A iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vingi. Huyo ndiye kibarua anayebeba mzigo mkubwa siku nzima, na kumpa springi nzito ni kumwonea.

Rangi zenyewe si sheria. Hataza za Cherry zilipokwisha muda, viwanda vya China kama Kailh na Gateron vilianza kutengeneza swichi za umbo lilelile, kila kimoja na mkoba wake wa rangi. Nyekundu, kahawia na bluu zimebaki na maana zilezile kwa kiasi kikubwa, lakini nje ya hizo mnunuzi anaweza kupotea. Swichi ya Cherry iitwayo Clear ina kinundu na ni nzito. Clear ya Gateron haina kinundu na ni miongoni mwa nyepesi kabisa. Zote mbili mashina yake yanaelekea weupe. Jina bila kampuni halimsaidii mtu.

Kahawia ndiyo inayopendekezwa sana kwa wageni, eti iko katikati. Sifa hiyo imezidi. Kinundu chake ni hafifu kiasi kwamba wengi, baada ya wiki moja, hawakihisi tena, na wanabaki na swichi inayokwaruza zaidi kidogo kuliko nyekundu. Anayetaka kinundu kweli atafute chenye nguvu zaidi. Asiyekitaka achukue laini moja kwa moja.

Aliye na wasiwasi bado anunue kibodi ambayo swichi zake huchomolewa kwa koleo dogo na kuchomekwa nyingine bila kuyeyusha risasi. Aulize kwanza matundu yake. Swichi nyingine zina miguu mitatu, nyingine mitano, na ya mitano haiingii kwenye kibodi ya mitatu mpaka ile miwili ya plastiki ikatwe. Kikata kucha kinatosha, mradi asiguse ile miwili ya chuma.