Je, Wajua? Kuku Huiva Lori Likiwa Mwendoni

Nchini Marekani, baadhi ya madereva wa masafa marefu hupika njiani kwa jiko dogo la umeme lenye umbo la sanduku, linalochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara. Soketi hiyo ya volti 12, ikiwa na fyuzi ya ampea 15, hutoa wati 180 hivi tu. Birika la umeme la nyumbani hula hata wati 2,000. Kwa wati hizo 180, lita moja ya maji huchukua zaidi ya nusu saa kuchemka. Lakini haraka ya nini, na barabara yote ile iko mbele? Kuku huwekwa alfajiri. Dereva akisimama mchana, kaiva. Jiko la mkaa ndani ya kabini ni habari nyingine: hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua mtu usingizini.