Wazee Mbele ya Malipo Yasiyo na Keshia: Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, mzee anayekwenda kulipia mkate na maziwa mara nyingi hukuta kiti cha keshia kitupu na mashine inayomtaka apitishe bidhaa mwenyewe, azipime mwenyewe na alipe mwenyewe. Mashine za namna hiyo si jambo la Mbinga wala la Mbamba Bay. Dukani bado yupo muuzaji anayerudisha chenji kwa mkono na kuuliza habari za nyumbani. Hata hivyo, jambo lenyewe limekwisha kufika Ruvuma kwa mlango mwingine, nao ni simu ya mkononi. Palipokuwa na dirisha na mtu nyuma yake, sasa mara nyingi pana namba ya kulipia, na mzee ndiye anayetakiwa kuifanya kazi iliyokuwa ya keshia.

Huduma za kutuma fedha kwa simu zilianza nchini mwaka 2008. Mwaka 2017 Serikali ilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kukusanya malipo yake. Katika mfumo huo kila deni hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo watu wengi huiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Kwa namba hiyo hulipwa kodi, leseni, ada na faini, na katika vituo vingi vya umma hata gharama za kumwona daktari, vipimo na dawa. Sababu za mabadiliko hayo ni za kweli: fedha ya umma haipotelei njiani, risiti haiwezi kughushiwa kirahisi, na kituo kinajua kimekusanya kiasi gani. Hakuna haja ya kuyapinga. Lakini kwa afya ya mtu mwenye miaka 70 mabadiliko hayo yana gharama ambayo haionekani katika hesabu, na mhudumu wa afya ndiye anayekutana nayo kwanza.

Wazee wanapolalamika, hujibiwa haraka kwamba hawataki maendeleo. Kauli hiyo haina ukweli mwingi. Mtu aliyezaliwa katika milima ya Umatengo mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona shilingi ya Afrika Mashariki ikiondoka na shilingi ya Tanzania ikiingia mwaka 1966. Alikuwa kijana mwaka 1970, mwaka uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na huenda wazazi wake walijifunza kuandika majina yao wakati huo. Alisimama katika foleni za bidhaa adimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kizazi hicho kimejifunza mambo mapya maisha yao yote. Kinachokigomea safari hii ni kifaa kilichotengenezwa kwa macho, vidole na mwendo wa kijana.

Tuanze na macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na haiwezi tena kujikunja ili kuona vitu vya karibu. Hiyo si maradhi. Humpata kila mtu. Tena mboni hupungua upana na lenzi hupoteza uangavu wake, hata nuru inayofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takribani theluthi moja ya ile inayofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Juu ya hayo huja mtoto wa jicho, ambaye hutawanya mwanga. Mzee mwenye mtoto wa jicho anayesimama nje ya zahanati ya ufukweni saa sita mchana, jua likiakisiwa na maji ya ziwa, hawezi kuusoma uso wa simu ya kitochi hata akiukinga kwa kiganja. Kijana aliye nyuma yake katika foleni hudhani hajui kusoma.

Vidole navyo vina habari yao. Ngozi ya uzeeni hupungua mafuta na unyevu, na mistari ya ncha za vidole huwa butu. Kwa aliyechimba ngoro kwa jembe miaka 50, au aliyevuta kamba za nyavu na kupiga kasia tangu utoto, mistari hiyo huwa imesagika kabisa. Laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, watu wa aina hii walikuwa miongoni mwa wale ambao mashine ilikataa kuwatambua. Suluhisho la nyumbani huwa moja tu: laini husajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu. Kuanzia hapo fedha ya mzee hukaa katika mfuko ambao kisheria si wake. Mwenye kisukari cha muda mrefu huongezewa ganzi ya vidole, na mwenye ugonjwa wa kutetemeka hubonyeza tarakimu moja mara mbili.

Kisha ipo kumbukumbu, na hapa yafaa kwenda taratibu, kwa sababu ndipo wazee wanapohukumiwa isivyo haki. Akili ya uzeeni haizeeki yote kwa pamoja. Msamiati, maarifa ya kazi na busara ya kuwatambua watu hudumu, na pengine huongezeka. Kinachopungua ni kasi, pamoja na uwezo wa kushika vitu kadhaa akilini kwa sekunde chache huku mikono ikifanya jambo jingine. Kunakili tarakimu 12 kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye simu kunaugusa udhaifu huo hasa: jicho liangalie karatasi, lihamie kwenye simu, lirudi kwenye karatasi, na kila linaporudi limepoteza mahali. Wakati huohuo menyu ya simu haingoji. Mtu akichelewa kidogo hujifunga, na kazi huanza upya. Akikosea namba ya siri mara tatu, akaunti hufungwa. Mzee anayeweza kueleza mwaka hadi mwaka bei ya kahawa ilipanda na kushuka vipi, hushindwa mbele ya watu kwa jambo ambalo mtoto wa darasa la tano hulimaliza kwa dakika moja.

Aibu hiyo si jambo dogo kitabibu. Mtu anayehisi kutazamwa na kuharakishwa hutoa homoni za msongo. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, na kumbukumbu ile ya sekunde chache huzidi kupungua, hivyo makosa huzaa makosa. Akiondoka hapo na kuingizwa moja kwa moja kwenye kipimo cha shinikizo la damu, kinachopimwa ni foleni ya malipo pamoja na mishipa yake. Kanuni ya kumketisha mgonjwa kimya kwa dakika tano kabla ya kupima, mgongo ukiegemea na miguu ikikanyaga sakafu, ni ya wagonjwa wote. Kwa mzee aliyetoka kupambana na simu isirukwe hata siku yenye wagonjwa wengi, maana kuirukia huweza kumwongezea dawa asiyoihitaji, na dawa hiyo ikamwangusha alfajiri anapoamka kwenda haja.

Lipo pia la upweke. Katika desturi za Wamatengo na za watu wa mwambao, kama kwingineko nchini, malipo hutanguliwa na salamu. “Shikamoo, babu.” “Marahaba, mjukuu wangu.” Kwa mjane anayeishi peke yake katika kijiji cha juu, ambaye wanawe wako Songea au Dar es Salaam, siku ya kliniki ni siku ya kuamkiwa. Maswali machache ya keshia humthibitishia kwamba bado anajulikana. Nchi zilizotangulia kuondoa makeshia zimeanza kulitambua hilo. Nchini Uholanzi kampuni ya maduka ya Jumbo ilianzisha mwaka 2019 meza maalumu za malipo kwa wateja wasio na haraka wanaotaka kuzungumza, na kaskazini mwa Uingereza kampuni ya Booths ilitangaza mwaka 2023 kuziondoa mashine za kujilipia katika maduka yake mengi na kuwarudisha watu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia mahusiano ya kijamii, kwa kuwa upweke huambatana na maradhi ya moyo, kiharusi, sonona na vifo vya mapema. Huku kwetu keshia mwenye uso na jina bado hajaondoka kote. Ni vyema akathaminiwa kabla hajatafutwa.

Lakini dirisha lilikuwa na kazi nyingine isiyoandikwa popote, na huenda ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na utaratibu wa afya nchini unawasamehe gharama za matibabu wazee wasio na uwezo katika vituo vya umma. Keshia aliyekuwa dirishani aliziona mvi, akaona kandambili zilizokatika, akauliza: “Bibi, una kitambulisho cha wazee? Umepitia kwa afisa ustawi wa jamii?” Ujumbe wa simu hauulizi. Huleta kiasi na namba. Mzee asiyejua haki yake hulipa kwa kuuza kuku au kukopa. Akishindwa hurudi nyumbani, na safari ya kurudi kutoka Mbinga hadi kijiji cha milimani si fupi. Mhudumu anayetoa namba ya malipo kwa mtu mwenye umri huo angeuliza kwanza swali la msamaha, kabla ya kuandika chochote kwenye kompyuta. Swali hilo huchukua sekunde kumi.

Hatari ya wizi nayo isisahaulike. Mzee asiyeweza kubonyeza mwenyewe hutaja namba ya siri kwa sauti, kwa wakala, kwa mjukuu, wakati mwingine kwa mtu aliyemkuta kwenye benchi. Wapo wanaoiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Wakati wa malipo ya kahawa, matapeli hutuma ujumbe ule unaojulikana na kila mwenye simu nchini, wa kutaka ile fedha itumwe kwenye namba hii nyingine, na asiyesoma vizuri maandishi madogo ndiye windo rahisi. Mhudumu wa afya asiipokee namba ya siri ya mgonjwa hata akiombwa. Anaweza kumshikia karatasi, kumsomea tarakimu, na kugeuza uso mzee anapobonyeza. Ikiwa simu ni ya mtu mwingine, jambo jingine huibuka: ujumbe wa malipo na wa tarehe za kliniki humfikia mwenye simu, na siri ya ugonjwa hutoka bila mtu kukusudia.

Ndugu wengine humleta mzee wakisema amepoteza akili kwa kuwa hawezi tena kulipa kwa simu. Hapo swali la kutenganisha mambo ni hili: je, jambo analoshindwa alipata kulijua? Asiyewahi kuimudu menyu ya simu na bado haimudu, hana dalili yoyote. Lakini aliyehesabu noti zake bila kosa maisha yote, na sasa anampa mwenye duka noti ya elfu kumi kwa bidhaa ya elfu moja na kuondoka bila chenji, au aliyekuwa akilipa kwa simu vizuri mwaka jana na sasa anasahau hatua, huyo achunguzwe. Kuyumba katika mambo ya fedha ni miongoni mwa dalili za mapema za ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Kabla ya kufika huko, apimwe macho na masikio, sukari, upungufu wa damu na tezi ya shingo. Aulizwe kuhusu pombe, huzuni na dawa anazotumia, kwani baadhi ya sababu hizo hutibika.

Msaada mwingine hauhitaji bajeti. Tarakimu 12 ziandikwe kwa mkono, kubwa, kwa wino mweusi, katika mafungu matatu ya nne nne, na zisomwe fungu kwa fungu. Akili hushika mafungu matatu kwa urahisi kuliko tarakimu 12 zilizoambatana. Mzee aketishwe kivulini, awashe mwanga wa simu hadi mwisho, na apewe muda bila mtu kumwegemea begani. Anayetaka kujifunza aachwe abonyeze kwa vidole vyake mwenyewe, kwa kuwa aliyenyang'anywa simu na kufanyiwa hajifunzi kitu na hujiona mzigo. Miwani ya kawaida ya kusomea, ile inayouzwa bila kuandikiwa vipimo, huwarudishia wengi uwezo wote walioudhania umekwenda na umri; mwenye ukungu katika jicho apelekwe kwenye huduma ya macho, kwa sababu mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi. Familia nayo imchague mtu mmoja wa kusaidia malipo, si kila aliye karibu, na mtu huyo amsomee mzee salio kila baada ya malipo.

Mtandao nao hukatika, hasa mvua za masika zinapoandamana na kukatika kwa umeme. Kila kituo kinapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa wa siku hiyo: nani anapokea fedha taslimu, stakabadhi ya aina gani inatolewa, na malipo yanaingizwa lini kwenye mfumo. Utaratibu huo ubandikwe ukutani kwa herufi kubwa, mahali ambapo mgonjwa anaweza kuusoma, na mgonjwa wa dharura ahudumiwe kabla ya malipo, iwe mtandao upo au haupo.