Baiskeli Msituni: Subiri Njia Ikauke

Mkazi wa Kibera hahitaji kwenda mbali kuendesha baiskeli mahali patulivu. Msitu wa Ngong Road, uliotangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, uko jirani. Wa Kawangware hufuata Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha Barabara ya Ngong kuelekea Racecourse. Msitu husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na wageni hulipa ada ya kiingilio.

Mvua ikinyesha, subiri udongo ukauke. Gurudumu likipita kwenye tope huacha mfereji. Mvua inayofuata hupitia humo humo, ikachimba zaidi na kuacha mizizi ya miti wazi. Udongo huo husombwa hadi Mto Motoine, unaoingia Bwawa la Nairobi, kando ya Kibera. Anayeharibu njia msituni, basi, anatuletea matope nyumbani.

Ukikuta dimbwi, shuka usukume baiskeli. Kulizunguka hupanua njia na kukanyaga miche. Kagua breki kabla ya kuondoka, vaa helmeti, nendeni wawili au zaidi, na uwapishe wanaotembea kwa miguu.